Kurudi Kupimwa Si Usumbufu

Kina mama wengi huifahamu ultrasaundi kuwa ni mashine ya wajawazito. Basi mama wa Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi, akiambiwa arudi kupimwa kwa mashine hiyo hiyo baada ya mizunguko miwili mitatu ya dawa, yeye na mumewe huingiwa na shaka. Ugonjwa si umekwisha julikana? Damu imekoma, maumivu yamepungua. Ya nini kutafuta nauli tena, kupita Nangurukuru na Daraja la Mkapa hadi Ocean Road, Dar es Salaam?

Swali hilo ni la haki, na watumishi wa hospitali wangefanya vyema kulijibu kabla halijaulizwa.

Kukoma kwa damu si kupona. Uvimbe huweza kuacha kutoa damu nao ungali mahali pake. Ultrasaundi hupeleka mwilini mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, na mwangwi wake ndio unaochora picha. Haitumii mionzi. Daktari hupima kipenyo cha uvimbe kabla ya dawa, kisha hukipima tena. Kwa kanuni inayotumika katika mataifa mengi, uvimbe wa sentimita 6 ukipungua hadi 4.2, yaani kwa asilimia 30, huhesabiwa kuwa umesikia dawa. Ukizidi kukua, dawa hiyo inamchosha mgonjwa bure, na matabibu hawana budi kutafuta njia nyingine mapema.

Kuna na jambo la figo, lisilozungumzwa sana. Saratani hii huweza kuibana mirija inayoteremsha mkojo, figo zikavimba pasipo mgonjwa kuhisi lolote. Sisplatini, dawa itumikayo sana katika ugonjwa huu, nayo ni kali kwa figo. Mashine hiyo hiyo huonyesha figo zilizovimba, na kipimo cha damu hueleza kama zingali zikifanya kazi.

Kweli, picha ya MRI huonyesha mipaka ya uvimbe kwa usahihi zaidi, lakini ni ghali. Ultrasaundi hutegemea sana mkono na jicho la mpimaji. Ndiyo maana yafaa mgonjwa abebe karatasi za kipimo cha kwanza, tarakimu zilinganishwe na tarakimu. Aulize pia kama kipimo cha pili chaweza kufanyika Hospitali ya Mkoa ya Sokoine, pale pale Lindi, majibu yakapelekwa kwa daktari wake.

Nanyi akina baba, nauli ya kurudi kupimwa iwekeni kando siku ile ile mnapotafuta nauli ya safari ya kwanza.