Kompyuta imenyamaza, haijafa

Vijana wenzetu, na ninyi dada na kaka mnaofanya kazi na mashirika, leo tunaongea juu ya sauti. Hapa Nakivale kompyuta za kituo chetu ni za msaada, zimeshachoka kwingine, na zimewekewa Linux kwa sababu ni ya bure na haizilemei mashini za zamani. Hiyo tunashukuru. Shida ni siku sauti inapogoma. Unafungua video ya somo la Kiingereza, midomo inacheza, kimya. Hapohapo utasikia, "Hii imekufa, iandikwe." Inaandikwa kwenye daftari la vifaa vibovu, inafunikwa kitambaa, tunaanza kungoja fundi atoke Mbarara. Wiki zinapita.

Sisi hiyo tabia tunaipinga. Mara nyingi kadi ya sauti ni nzima kabisa. Imezibwa mdomo tu, ama sauti inapelekwa mahali pengine.

Kwenye Linux sauti ina tabaka mbili. Chini iko ALSA, inakaa ndani ya keneli na kuongea na kadi yenyewe. Juu yake iko PulseAudio, ama PipeWire kwenye matoleo mapya (Ubuntu wa kawaida ulihamia huko kuanzia 22.10). Hii ya juu kazi yake ni kugawa: sauti hii iende spika, ile hedifoni, ile HDMI. Kwa hiyo unaanza kuuliza chini. Fungua terminali, andika aplay -l. Ikitaja jina la kadi, pumua, kadi inaonekana. Halafu andika alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi, maana mara nyingi ziko mbili, ya HDMI na ya spika, na watu wengi wanahangaika na ile isiyohusika. Tazama Master, Speaker na Headphone. Penye MM pamezimwa. Bonyeza M, itageuka 00, kisha pandisha kwa mshale wa juu.

Kuna kitu kingine kinaitwa Auto-Mute Mode, na kwa vumbi letu la kiangazi tunawaomba mkikumbuke. Tundu la hedifoni likijaa uchafu linaweza kuidanganya mashini kwamba hedifoni zimechomekwa, basi inanyamazisha spika. Iweke Disabled, na tundu lisafishwe.

Sasa jaribu speaker-test -c 2. Utasikia kelele kama mvua kwenye bati, kushoto halafu kulia. Usiposikia na alsamixer iko sawa, fungua pavucontrol, nenda sehemu ya Configuration, uangalie kama sauti yote haijaelekezwa HDMI, kwenye televisheni ambayo hata hatuna.

Mpaka hapo hakuna mahali umeulizwa nywila. Yule anayesema tuitoe Linux tuweke Windows, tunamuuliza kwanza: umebonyeza M?

Ila iko kesi moja ngumu. Ukikuta mashini inaonyesha Dummy Output peke yake, maana yake mfumo haujaiona kadi. Kwenye laptopu mpya kidogo za Intel inaweza kuwa imekosa faili za kuiamsha kadi. Kwenye Debian kifurushi kinaitwa firmware-sof-signed. Kukiweka kunataka sudo, na sudo inataka nywila, na nywila yetu anayo afisa mmoja anayekaa mjini. Tuliambiwa ni ili vijana wasiharibu.

Tunaye mwenzetu kituoni asiyeona. Yeye anatumia Orca, programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini, na eSpeak NG inaweza kumsomea hata kwa Kiswahili. Laptopu yake ndiyo ilikuja na hiyo Dummy Output. Kwetu sisi wengine kompyuta isiyo na sauti ina kasoro. Kwake haiko. Wiki tatu alikuja, akakaa, akasikiliza wenzake wakichapa, akarudi nyumbani, sababu ya neno la siri lililoko kilomita nyingi na simu isiyopokelewa. Mwishowe wajitolea wakachangishana, wakanunua kadi ndogo ya sauti ya USB. Linux ikaitambua bila kuuliza mtu. Orca ikaongea, na yeye akacheka kwa nguvu mpaka darasa la jirani wakachungulia.

Vizuri, lakini hiyo pesa ilikuwa ya chakula cha watu.

Ombi letu kwa mashirika ni dogo. Chagueni wajitolea wawili kwa kila kituo, wafundisheni siku mbili, wapeni nywila, na kila wanachobadilisha kiandikwe daftarini na tarehe. Mkiogopa uharibifu, mtajua nani alifanya nini. Na kabla ya kupakia kompyuta nyingine kwenye gari, ziwasheni hukohuko mnapozitoa, speaker-test -c 2, dakika mbili kwa kila moja.