Basi la umeme la shule Ifakara: hesabu inagoma wapi?

Haya wadau, leo tuongee hela. Kila ninapoandika habari ya magari ya umeme kuna msomaji ananiuliza kwa nini mabasi ya shule yasianze, tena yaanzie bonde la Kilombero ambako umeme wenyewe unazaliwa. Ni swali zuri. Kidatu ina megawati 204, Kihansi 180, na zaidi ya nusu ya maji yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji yanatoka mto Kilombero. Halafu Coaster la njano linalokusanya watoto Kibaoni na Mlabani linakunywa dizeli iliyopakiwa kwenye lori Dar es Salaam. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikitoa bei mpya, sisi wa bara tunaanza kutafuta jina la mji wetu kwenye orodha, na tunajua itakuwa juu kuliko ya Dar.

Kwa hiyo kwa moyo nakubali. Tatizo langu ni jinsi watu wanavyosema "fedha zitafutwe", kana kwamba fedha ikipatikana kazi imekwisha.

Hebu tupige hesabu ya haraka, makadirio yangu mwenyewe, mtanisahihisha. Mwaka 2025 lita ya dizeli ilikuwa inacheza kwenye 2,800 hivi. Coaster la mtumba kwenye barabara zetu likienda kilomita tano kwa lita, hiyo ni shilingi 560 kwa kilomita. Basi la umeme la ukubwa huo tulipe uniti 0.7 kwa kilomita. Kwa uniti ya TANESCO ya shilingi 356 unapata kama 250. Unaokoa 310 kila kilomita. Tamu, siyo?

Sasa subiri. Basi la shule Ifakara linatembea kilomita ngapi? Tuseme 60 kwa siku, asubuhi na jioni. Mwaka wa masomo una siku 194. Hiyo ni kilomita 11,640, na akiba yake ni shilingi milioni 3.6 tu kwa mwaka mzima. Kwa Marekani basi la shule la umeme linauzwa karibu mara tatu ya lile la dizeli, na hapo wanalinganisha jipya na jipya. Mwenye shule wa Ifakara analinganisha jipya la umeme na mtumba wa Japani alionunua kwa fedha taslimu. Milioni 3.6 kwa mwaka hailipi hata riba ya benki.

Ndiyo maana Marekani serikali ililazimika kutia mkono mfukoni: sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa ajili ya mabasi safi ya shule. Kaunti ya Montgomery, Maryland, ilifunga mkataba mwaka huohuo wa mabasi 326, kampuni ikabaki na mabasi na chaja, kaunti ikawa inalipia huduma. Hata huko mambo hayakunyooka. Mabasi yalichelewa na mkaguzi wa kaunti mwaka 2024 akaukosoa usimamizi wa mkataba, maana ilibidi wanunue mengine ya dizeli. Sisi bilioni 5 hatuna, tusijidanganye.

Wengine watanitajia Nairobi. BasiGo walianza huko mwaka 2022 na mpango ambao naupenda sana: mwenye matatu analipia basi bila betri, halafu betri, chaji na matengenezo analipia kwa kilomita. Deni linagawanyika, na hofu ya betri kufa inabaki kwa kampuni. Lakini matatu inakimbia kutwa nzima, na kwenye kilomita nyingi ndiko mpango huo unakopumulia. Basi la shule limeegeshwa chini ya mwembe kuanzia saa mbili asubuhi, na likizo yote limelala. Uchukue mpango wa Nairobi uulete Ifakara kama ulivyo, mwenye shule atapandisha ada ya usafiri na mzazi atamhamishia mtoto kwenye bajaji, wanne nyuma na mmoja kwa dereva. Mmewaona.

Kwa maoni yangu fedha yoyote itakayokuja, ya mfadhili au ya hazina, isiende kwa shule mojamoja. Halmashauri ya Mji wa Ifakara itangaze zabuni ya kilomita: mabasi machache, asubuhi na jioni yabebe wanafunzi, katikati yabebe abiria wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, sokoni, stendi, hadi Mang'ula, sasa kuna lami. Basi likitembea kilomita 200 kwa siku 300, akiba ileile ya shilingi 310 inakuwa milioni 18.6 kwa mwaka. Hapo mwenye benki anaweza kukaa mezani.

Na kuna jambo ambalo wenzangu wa magari ya umeme hawapendi kulisikia. Watoto wengi wa Ifakara wanasoma shule za serikali, na hao hawana basi la dizeli la kubadilisha. Wana miguu na baiskeli. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini usafiri haukuwemo. Ruzuku ya kubadilisha mabasi yaliyopo maana yake ni kuwasaidia wale ambao tayari wanapanda. Zabuni ya kilomita inaweza kuandika sharti kwamba nusu ya viti vya asubuhi ni vya shule za serikali.

Vikwazo vipo. LATRA itabidi iseme kama gari la wanafunzi linaruhusiwa kubeba abiria mchana. Mto Lumemo ukifurika, chaja ikiwekwa bondeni imekwenda. Njia ya Mlimba wakati wa masika tuiache kwanza, hata Land Cruiser zinalia. Na mgawo wa umeme wa 2023 hatujausahau, ingawa tangu mtambo wa kwanza wa Nyerere uwashwe Februari 2024 hali ni nyingine.

Kama kuna mdau anamiliki basi la shule huko Ifakara, naomba aniandikie kilomita zake za wiki moja na lita alizojaza. Nikikosea kwenye ile 60, hesabu yote hapo juu naifanya upya.