Simu ya mbali ipewe nguvu zaidi: somo la mawimbi kwa watu wa Tana River

Mvua za mwisho wa 2023 zilipoikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, mimi nilikuwa Garsen, roho juu, nikiwatafuta jamaa zangu walioko vijijini huko delta. Simu yangu ilikuwa na mtandao mzuri kwa sababu nilikuwa karibu na mnara. Ya kwao ilikuwa ikiita mara moja, inakatika. Ujumbe niliowapelekea asubuhi kuwaambia wahamie sehemu ya juu uliwafikia usiku, maji yameshaingia uani. Alhamdulillahi walisalimika, lakini mbuzi na mahindi yalikwenda na mto.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia ahadi ya mtandao mpya huuliza swali moja: yule wa mbali amefikiriwa vipi?

Wataalamu wa mawasiliano wana njia wanayoiita NOMA. Vijana, tulieni, si ile noma yenu ya mtaani. Ni namna ya simu nyingi kutumia masafa yale yale, wakati ule ule.

Kwa kawaida, mnara wa 4G hugawa masafa kama wakulima wa skimu ya Hola wanavyogawana maji ya mfereji: kila mmoja na zamu yake. Ni utaratibu mzuri, ila watu wakizidi, zamu huwa fupi. NOMA huunganisha simu mbili katika zamu moja, ya karibu na ya mbali. Na hapa ndipo penye uzuri wake: mawimbi ya simu ya mbali hupewa nguvu nyingi zaidi, ya karibu hupewa kidogo.

Simu ya mbali husoma ujumbe wake moja kwa moja, ule wa mwenzake ukiwa kelele ndogo tu. Kazi inabaki kwa simu ya karibu. Fikiria misikiti miwili ikiadhini pamoja. Sauti ya mmoja ni kubwa, ya pili ni ndogo. Ukishaifuata ile kubwa na kuiweka kando, ndogo nayo unaisikia. Simu ya karibu hufanya hivyo hivyo: husimbua kwanza mawimbi ya mwenzake, huyaondoa, kisha husoma yake. Hii haimaanishi jirani anasoma siri zako, maana ujumbe wenyewe una kufuli yake.

Tatizo liko kwenye huko kusimbua. Ikikosea hatua ya kwanza, ya pili nayo huharibika. Na simu zikiongezeka, hesabu hulipuka. Chukua simu 6, kila moja ikituma alama moja kati ya 4. Kifaa kinachotaka kuzisoma zote kwa pamoja kina michanganyiko 4,096 ya kupima. Wataalamu wakapanga masafa kiasi kwamba kila kipande kinatumiwa na simu 3 tu kati ya hizo 6, michanganyiko ikashuka hadi 64 kwa kipande, na majibu ya vipande yakasaidiana. Huo ndio usimbuaji wenye ufanisi: hesabu chache na chaji kidogo.

Chaji si jambo dogo kwa mtu anayelipia kuchajiwa simu kwenye sola ya dukani. Na 3GPP, wanaoweka viwango vya simu duniani, walipoipima NOMA kwa ajili ya 5G mwaka 2018, hawakuiingiza. Faida yake haikuonekana kuzidi mzigo wa kusimbua. Sasa watafiti wanaizungumzia tena kwa ajili ya 6G.

Basi tusidanganyike. NOMA hugawa vizuri kile ambacho mnara tayari unakifikisha. Pasipo na mnara hakuna cha kugawa. Na mulika mwizi ya bibi yangu haitajifunza kusimbua mawimbi mapya kwa sababu tu Nairobi kumezinduliwa kitu.

Lakini kanuni yake tuichukue, tena tuidai: aliye mbali ndiye wa kuongezewa nguvu. Kenya ina Hazina ya Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kampuni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao, kwa ajili ya sehemu ambazo biashara pekee haizifikishii mtandao. Wabunge na wawakilishi wetu waulize: ni vijiji gani vya delta viko kwenye orodha, na minara itasimama mahali ambapo mafuriko hayafiki, yenye umeme wa akiba?

Maji yakifurika kwenye mabwawa ya Seven Forks, kutoka Masinga hadi Kiambere, KenGen hutoa tahadhari, na maji huchukua siku kadhaa kutufikia huku chini. Muda wa kuhama upo. Kinachokosekana ni ujumbe kufika.

Sisi wa Tana tunajua gharama ya kugombania kisichotosha. Mwaka 2012 na 2013 mkulima na mfugaji waliuana, roho zaidi ya 100 zikapotea, maji na malisho yakiwa ndani ya ugomvi huo. Mawimbi yameonyesha kwamba wawili wanaweza kutumia kitu kimoja bila kuumizana, mradi aliye karibu akubali kubeba kazi zaidi. Sisi wa Garsen mjini, tulio chini ya mnara, tuanze kwa kuwasemea walioko ng'ambo ya mto.