Mnyamwezi na Barafu

Nikisema natafiti ardhi iliyoganda ya Kilimanjaro kwa shahada ya uzamili, jamaa zangu wa Tabora hucheka: Mnyamwezi na barafu wapi na wapi? Nalikataa swali hilo. Mji wetu ulikua juu ya mabega ya wapagazi waliobeba pembe hadi Bagamoyo.

Kule Kibo, barafu iliyojificha ndani ya udongo na nyufa hushikilia miamba. Joto likizidi, inaachia. Januari 2006 mawe yaliporomoka Western Breach, yakaua wapandaji watatu. Njia ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena. Magazeti yanaililia theluji ya kwenye kalenda (nzuri, sikatai). Mimi namwangalia anayepita chini ya mawe hayo na kilo 20 kichwani.

Mpagazi. Njia ile ifungwe.