Eti Nijijenge Kwanza?

Mpenzi wangu ananishangaa: bumu likiingia tu, natuma chochote Tukuyu kwa mdogo wangu. "Jijenge kwanza," anasema. Haya, mimi nilijengwa na nani? Kwetu Rungwe zamani, vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakila kwa zamu: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Monica Wilson aliwaandikia kitabu kizima, 1951. Azimio la Arusha la 1967 liliposema ujamaa, wazee wetu hawakuhitaji kamusi. Sisi tumeukariri kwa ajili ya mtihani! Sisemi nigawe hadi nauli (njaa ya chuo naijua). Ila nimemuuliza: ndugu yangu akikwama tukishaoana, itakuwaje? Kanyamaza. Barua ya posa nimemwambia isubiri.