Simu yako ina majina mawili, lako ni la tatu



Kabla hujaendelea kusoma, fungua sehemu ya kupiga simu na ubonyeze *#06#. Itatokea nambari ya tarakimu 15. Kama simu yako inabeba laini mbili, zitatokea nambari mbili. Hiyo ndiyo IMEI, na ni ya kifaa, si yako. Tarakimu 8 za mwanzo zinasema simu ni ya aina gani, 6 zinazofuata ni za simu hiyo peke yake, na ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba zilizotangulia hazikukosewa.

Laini nayo ina nambari yake ya ndani, na siyo hiyo 07 au 01 unayowapa watu. Inaitwa IMSI. Inaanza na 639, ambayo ni Kenya, halafu 02 ikiwa ni Safaricom au 03 ikiwa ni Airtel, kisha tarakimu za laini yako. Kwa hivyo mtandao unajua majina mawili, la kifaa na la laini. Jina la tatu, lile ulilopewa na wazazi wako, liko tu kwenye daftari la usajili, karibu na nambari ya kitambulisho. Mtandao haujui ni mkono wa nani umeshika simu. Shika hiyo, maana tatizo lote linaanzia hapo.

Ukiwasha simu, hata kabla ya kumpigia mtu, inajitambulisha kwa mnara. Laini inataja IMSI yake, kampuni inaihakiki kwa siri iliyofungwa ndani ya ile kadi, na kifaa nacho kinaweza kuulizwa IMEI yake. Kisha laini inapewa jina la muda, ndiyo IMSI isitajwe hewani kila mara. Ukitoka Kisauni kwenda Likoni simu inahama mnara hadi mnara. Ukipiga, ukipigiwa au ukituma SMS, rekodi inaandikwa: laini gani, kifaa gani, mnara upi, saa ngapi, na nani alikuwa upande wa pili. Mlichoongea hakimo kwenye rekodi hiyo. Mara nyingi wala hakihitajiki.

Ndiyo maana ule msemo wa mtaani, "nimevunja laini, mambo kwisha", ni wa kujidanganya. Ukiweka laini mpya kwenye simu ileile, rekodi inaonyesha kifaa kimoja, jana na laini hii, leo na ile. Ukibadilisha simu na laini ikabaki, ni hivyohivyo. Hatusemi haya kufundisha mtu kujificha. Wengi wenu hamna cha kuficha. Tunayasema kwa sababu rekodi hiyohiyo inaweza kukufunga na mambo usiyoyajua.

Tuongee ukweli kuhusu vitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wa Garissa, Wajir, Mandera na sehemu za Pwani walipitishwa kwenye vetting ambayo wenzao wa kaunti nyingine hawakuijua. Mtu anafika miaka 20 na zaidi bado anaambiwa rudi wiki ijayo. Agizo la kuiondoa lilitoka Februari 2025. Lakini kabla ya hapo watu walihitaji kuongea na kupokea M-Pesa, na laini haisajiliwi bila kitambulisho. Ikawa nini? Binamu mmoja mwenye kitambulisho anasajilia nyumba nzima. Wengine walisajiliwa na ajenti kwa kitambulisho cha mtu ambaye hawajawahi kumuona. Laini hizo bado zinafanya kazi hadi leo. Na siku moja wapo itakapopigwa kutoka mahali pabaya, daftari litasoma jina la binamu.

Sio jambo dogo hili. Katika kesi ya Westgate, hukumu ya Oktoba 2020, mawasiliano ya simu na washambulizi yalikuwa ushahidi mzito uliowatia hatiani wawili. Mshtakiwa wa tatu aliachiliwa. Hatuzungumzii kama hukumu ile ilikuwa sawa au la. Tunataka uone tu rekodi za simu zina uzito gani mbele ya hakimu. Ukiwa wewe ndiye uliyempa rafiki laini "ya muda" na akapotea nayo, utaeleza nini, na nani atakuamini?

Basi leo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni yenyewe, sio kibandani, uikane kwa maandishi na ubaki na nakala. Na kama umemsajilia ndugu ambaye sasa amepata kitambulisho, mwambie aihamishe iwe jina lake. Usione haya. Udugu haumaanishi ubebe rekodi za mtu.

Simu za mkono wa pili nazo zina historia. Umenunua rahisi Luthuli au Eastleigh, bila risiti, na kifaa kile kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine mwezi uliopita. IMEI haifutiki kwa kurudisha simu kama mpya. Fundi akikuambia anaweza kubadilisha IMEI, ondoka, maana hilo ni kosa la jinai Kenya. Dai risiti yenye IMEI, tarehe na jina la muuzaji. Hiyo ndiyo itakayoonyesha simu ilianza kuwa yako lini.

Swali linabaki: nani anaruhusiwa kufungua rekodi hizi? Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, mawasiliano yakiwemo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi, kifungu cha 36, inamtaka polisi anayetaka kunasa mawasiliano aombe amri Mahakama Kuu. Kisha marekebisho ya 2014 yakaongeza 36A na kuwafungulia mlango mpana zaidi vyombo vya usalama wa taifa. Machi 2017 shirika la Privacy International lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi vyombo hivyo vinavyofikia mitandao moja kwa moja, bila kubisha hodi. Kuna pia minara bandia, vifaa vinavyojifanya mnara ili simu zilizo karibu zitaje IMSI zao. Udhaifu huo ni wa zamani: kwenye 2G simu inajithibitisha kwa mtandao, lakini mtandao haujithibitishi kwa simu.

Mahakamani safari imekuwa ya kupanda na kushuka. Serikali ilitaka mfumo wa kusoma IMEI kwenye mitandao yote, ikisema ni kwa ajili ya simu bandia. Mahakama Kuu iliukataa 2018, Mahakama ya Rufaa ikageuza 2020, na Mahakama ya Juu 2023 ikabaki na Rufaa. Halafu likaja agizo la kutangaza IMEI za simu zinazoingia nchini kwa KRA kuanzia Januari 2025. Katiba Institute ikaenda kortini, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikalifuta. Mwananchi aliyekwenda kortini ameshinda mara mbili na kushindwa mara mbili. Asiyekwenda hajulikani.

Wewe binafsi pia una mlango. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuiuliza kampuni ina data gani yako na inaitumiaje. Andika barua, weka nakala.

Na leo usiku, kabla hujalala, andika kwenye karatasi IMEI zako, nambari zako zote, na laini ipi iko kwa jina la nani. Mpe mama au dada yako aiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kijana akikosa kurudi nyumbani, wakili akitaka korti iamuru kampuni itoe mnara wa mwisho ambako simu ilionekana, hizo ndizo nambari atakazouliza kwanza. Tumeona familia zinakaa kituoni saa nzima zikitafuta boksi la simu.