NANI KASEMA NDEGE NI WA WATALII PEKE YAO?

Ndugu wafanyakazi wa Nakuru, Njoro, Gilgil, Naivasha na Molo,

Wako wenzetu watakaocheka wakisoma kichwa cha habari hii. Watasema chama kimekosa kazi: mishahara haitoshi, unga umepanda bei, na karatasi ya wafanyakazi inaandika habari za ndege! Twawaomba wacheke kwanza, wamalize, kisha wasome. Habari hii ni ya nyumba, ni ya saa za kazi, na ni ya kitu alichonyang'anywa mfanyakazi mchana kweupe.

Baadhi yetu tunaoandika karatasi hii twakaa katika kambi moja ya kampuni. Kambi ile ilikuwa na ua wa kayaba mrefu kuliko mtu, na nyuma ya vyumba mipera miwili na mparachichi mmoja mkubwa. Hatukuipanda sisi, tuliikuta. Mtu akitoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu, masikio bado yanavuma kwa mashine, aliketi kwanza juu ya ndoo iliyopinduliwa chini ya mparachichi ule. Hakuna aliyemfundisha. Chumba ni kimoja, watoto wanaamka, mama anawasha jiko. Mahali pa kukaa kimya palikuwa pale tu.

Na pale palikuwa na mambo. Kurumbiza alianza kuimba giza lingali lipo. Chozi alikuja kunyonya maua, mdogo kama kidole gumba, anang'aa kama kipande cha bati jipya. Yule mweusi na mweupe atikisaye mkia alitembea uani kama karani mkuu anayekagua kazi. Lakini waliotupendeza zaidi ni mnana. Dume hufuma kiota chake kwa majani, siku nzima yuko kazini, kisha jike huja kukagua. Asiporidhika, huenda zake, na bwana fundi huanza upya. Hapo ndipo wanaume wazima waliangua kicheko: "Msimamizi amekataa kazi! Hakuna malipo!" Usiku kalunguyeye alitoka chini ya ua akitafuta wadudu, na watoto walimmulika kwa tochi. Si mengi haya. Lakini mtu aliyecheka asubuhi aliingia kulala akiwa mtu, si chombo kilichozimwa.

Siku moja walikuja watu na misumeno. Hatukuulizwa. Ua wa kayaba uking'olewa, mipera ikaanguka, na mparachichi, uliokuwa na matunda machanga, ukakatwa vipande na kupakiwa. Wiki ya pili uwanja wote ukamwagwa saruji ili malori yapate pa kusimama. Tulipopeleka barua, meneja alitujibu kwamba ni mambo ya usafi na usalama, kisha akaongeza kwa mdomo kwamba watu wameajiriwa kufanya kazi, si kutazama ndege.

Jibu lile ndilo lililotufanya tuandike. Ni jibu la zamani sana katika nchi hii. Mwaka 1954 kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ile iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba kima cha chini kilikuwa kimepimwa kwa mahitaji ya mwanamume kapera, wala si kwa mtu mwenye mke na watoto. Nyumba nazo zilijengwa kwa kipimo hicho: kitanda, posho, bomba la maji la kushirikiana, basi. Aliyepima alimhesabu mfanyakazi kama unavyohesabu punda: ale, alale, kesho avute. Leo hakuna anayethubutu kusema hivyo kwa karatasi. Lakini anayekata mti wa kambi na kusema hatukuja kutazama ndege, anashika kipimo kile kile mkononi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka tajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha za kutosha za kupanga nyumba. Katiba ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haikusema kila mtu isipokuwa anayekaa kambini. Twauliza basi: chumba cha mabati kilichozungukwa na saruji na moshi wa malori, jua la saa saba likiwaka juu na chini, ni nyumba ya kufaa kwa nani? Kwa meneja? Yeye kwake ana bustani, na mtunza bustani ni mwenzetu.

Wengine hutuambia kwa upole: "Lakini ninyi watu wa Nakuru mna bahati, mna hifadhi mlangoni." Kweli ipo. Ilianza kuwa mahali pa kulinda ndege, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na dunia nzima imesikia habari za heroe wake, ambao sisi tumezoea kuwaita flamingo. Hata mtaa tunao uitwao Flamingo. Lakini hifadhi imezungushiwa ua pande zote. Mlangoni pana ada, na ukishalipa huruhusiwi kuzunguka kwa miguu, sharti uwe na gari. Nani kati yetu ana gari? Wako watu waliozaliwa Kivumbini na Kaloleni, wakazeeka, wasiingie hata mara moja. Na tena heroe wenyewe hawakai kungoja watalii. Tangu maji ya ziwa yalipoanza kupanda miaka ya 2010, magadi yalipungua nguvu, chakula chao kikapungua, wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Hatulaumu ndege kwa kufuata chakula, sisi wenyewe tulikuja Nakuru kwa sababu hiyo hiyo. Twasema tu kwamba ndege wa hifadhi si badala ya ndege wa uani. Mmoja humwona kwa tikiti ukibahatika, mwingine humwona kila siku ukifua nguo.

Sasa tugeuke kwa wenzetu, maana makosa si ya tajiri peke yake. Katika mkutano mmoja tuliambiwa na ndugu mmoja kwamba kupenda ndege ni mambo ya Wazungu. Twamwuliza ndugu huyo: kurumbiza, chozi, mnana, mbayuwayu, majina haya yaliletwa na meli gani? Wazee waliyatoa wapi kama hawakukaa chini wakatazama? Na wako wanaompiga mawe bundi kila akitua juu ya paa, ati ataleta kifo. Bundi hula panya. Katika kambi ile ile walimwua bundi, kisha wakachanga fedha kununua dawa ya panya. Hesabu hiyo kila mtu aweza kuifanya. Mwenye kuogopa na aogope, lakini aogope akiwa ndani, na jiwe alitue chini.

Ndugu zetu wa mashamba ya maua Naivasha wana neno lao, nalo ni zito. Wanasema: "Ninyi mwasifu wanyama, sisi kiboko anatusubiri njiani." Ni kweli. Maji ya ziwa yalipoingia mtaa wa Kihoto mwaka 2020, viboko walikuja karibu na milango ya watu. Hatuwezi kumwambia mama anayetembea gizani kwenda kazini afurahie kiboko. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, na kila mtu ajua jinsi familia zilivyongoja malipo hayo. Dai hilo tunaliunga mkono, na twadai pia gari la kuwapeleka wafanyakazi wa alfajiri. Lakini kiboko asiwe kisingizio cha kukata mpera.

Liko jambo moja zaidi, la wakati. Hata mti ukiwapo, utautazama lini? Kifungu cha 27 cha sheria ile ya 2007 chatoa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wangapi wetu tunaiuza siku hiyo kwa sababu mshahara wa siku sita haufiki mwisho wa mwezi? Hatumlaumu anayeiuza. Twamlaumu anayepanga mshahara hivi kwamba lazima iuzwe.

Wala si sisi wa kwanza. Tarehe 24 Aprili 1932 wafanyakazi vijana wa Manchester, Uingereza, waliochoshwa na moshi wa viwanda, walipanda kwa mamia mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa ili mabwanyenye wapate kuwinda ndege. Wasimamizi wa ardhi walipambana nao, baadhi wakatiwa jela, na Benny Rothman aliyewaongoza alifungwa miezi minne. Waliitwa wahuni. Miaka 17 baadaye nchi ile ilitunga sheria ya hifadhi na ya haki ya watu kutembea mashambani.

Sisi hatudai mlima. Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na maghorofa yanapanda. Hatuyapingi, kwani watu wanataka nyumba. Twadai kila mkataba wa nyumba za wafanyakazi utaje udongo: ukanda usiomwagwa saruji mbele ya vyumba, na mti usikatwe kabla kamati ya wakazi haijaulizwa. Twadai hifadhi itenge siku za wafanyakazi na watoto wao, kwa basi na bila ada. Na katika kambi ile tuliyoitaja, twadai mparachichi upandwe tena pale pale, saruji ivunjwe, kwa gharama ya aliyeukata.

Barua ya madai hayo imeandikwa. Iko kwa wawakilishi wenu wa kila zamu, itakaa kwao mpaka siku ya mshahara. Njooni mtie sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Na yule ndugu wa mambo ya Wazungu tumemwachia nafasi ya juu kabisa.